Taya la Rehema, Dimpozi la Mama Yake

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyezifinyanga nyuso zetu kabla ya daktari yeyote!

Ulikuwa mwaka ule mchele ulipotushinda bei, hapa Mbagala tukala makande mpaka Krismasi. Wote tulitafuna. Mjukuu wangu Rehema alikunywa mchuzi tu. Taya lake la chini lilitoka mbele, meno hayakutani. Shuleni walimwita Koleo. Kwaya akaiacha, na sauti anayo!

Mama yake ni binti yangu, alifariki wakati Rehema bado ananyonya. Alimwachia kitu kimoja: dimpozi shavu la kushoto, hata asipocheka linaonekana. Kila asubuhi mie nalipapasa kwa kidole.

Hospitali wakasema taya likatwe, lirudishwe nyuma. Nikaona dimpozi ndo linakwenda hivyo. Daktari mwenyewe binti mdogo, hajamaliza hata shikamoo, nikamwambia:

"Hapana. Uso huu hauguswi."

"Bibi, leo hatugusi. Tunapiga picha tu."

"Picha si anazo kwenye simu!"

Akacheka. Akamkalisha Rehema katikati ya kamera, huku na huku. Mwanga mmoja, basi. Jamani! Kwenye kompyuta kikatokea kichwa cha mjukuu wangu, na nyama yake na ngozi yake, kinageuka kama chungu mkononi mwa mfinyanzi! Mpaka kovu la tetekuwanga chini ya kidevu nililiona. Daktari akalisogeza taya nyuma, nyama ikalifuata, midomo ikakutana.

"Na dimpozi?"

Akageuza. Lipo!

"Haya ni makadirio, bibi, siyo ahadi. Ila tutapitia ndani ya mdomo, shavu hatulichani."

Rehema akanishika mkono. "Bibi, mie nataka kutafuna."

Ndugu zangu! Mie nalilia dimpozi, mtoto analilia mahindi! Nikaweka dole gumba langu kwenye karatasi yao.

Baada ya upasuaji uso ulivimba kama andazi, dimpozi halipo. Nikapiga kelele wodi nzima. Lakini kila tukirudi kliniki walimpiga picha upya, wakaipandisha juu ya ile ya mara iliyopita, palipovimba pakaonekana pekundu. Wekundu ukapungua, ukapungua, siku moja haupo. Na dimpozi hilo hapo! Nilipiga vigelegele, nesi akasahau kunikemea.

Leo Rehema anakula makande bakuli mbili, na punje nazisikia zikivunjika. Kwaya karudi, mmemsikia wenyewe. Wewe uliyemficha mwanao ndani kwa sababu ya uso, mtoe! Mwamini Mungu, kisha mpeleke mbele ya zile kamera.

Picha ya uso wa zamani daktari alinipa, nimeitundika sebuleni. Jana Rehema kaifuata na mkono juu: "Bibi, naona aibu, naichana."

Uso ule ndio niliouogesha. Ndio niliouombea. Nikasimama mlangoni:

"Hapana. Uso huu hauguswi."