Mama Atupokile na Faili la Alama za Reli

Kutoka Kiwira mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa hakuna fundi wa kompyuta anayenifikia mimi, Gwakisa, na mafundi wa Mbeya mjini wanalijua hilo, ndiyo maana hawapiti huku. Kwa sababu hiyo kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika habari za Mama Atupokile Mwakalinga, anayestaafu tarehe 31 Oktoba 2025 baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai miaka ishirini na sita. Kamati inasema sababu ni kwamba wengine walikataa. Tusigombane siku ya sherehe.

Mama alianza kama karani wa mizani kituo cha Kawetele. Seva ilipoletwa, ile inayotunza majina na nywila zetu zote, waliotumwa kuisomea walirudi na vyeti, yeye akabaki na seva. Bila seva hiyo hakuna karani anayefungua mizani. Meneja alikuwa akisahau nywila yake kila mwezi, na Mama hampi mpya mpaka asalimie kwa Kinyakyusa. Sasa meneja anakijua vizuri.

Mipangilio yote ya seva ilikaa kwenye faili moja. Juu ya kila mpangilio Mama aliandika maelezo yake, akianza mstari kwa alama ya reli, hii #, ili mashine iuruke na binadamu ausome. Nayakumbuka mawili tu. “Usiguse hapa, niliwahi kugusa, watu mia mbili wakakaa nje.” Na lingine: “Abeli wako wawili, na ukiita mmoja wanaitika wote.” Hilo ndilo faili alilotaka kumwachia mrithi wake, yaani mimi, ambaye kozi yangu ya kompyuta ya miezi sita niliimaliza kwa mitatu kwa kuacha kwenda.

Basi watengenezaji wa programu ile, ambayo ni ya bure na kila mtu ana usemi, wakabadilisha mtindo. Faili moja likawa folda ya vifaili vyenye majina ya mabano na namba, na juu ya kila kimoja onyo: usihariri kwa mkono. Mama aliliangalia onyo lile kama mtu aliyefungiwa jiko lake mwenyewe. “Mwanangu, nipike mimi, halafu nikatazwe kushika mwiko?”

Februari, Mama akiwa likizo kwenye viazi vyake Isongole, nilihamishia mipangilio kwenye mtindo mpya. Kesho yake asubuhi makarani wa Kawetele hawakuweza kuingia. Wakulima wamejipanga na magunia, majani yameanza kupata joto. Mama akafika kwa bodaboda, matope mpaka magotini, akaomba maelezo yake. Hayakuwepo, mtindo mpya hauyabebi. Akapanga yote kwa kichwa, dakika arobaini, na majani yakapona. Mimi nilimshikia kikombe, na nilikishika vizuri sana.

Tangu siku hiyo amewasema watengenezaji bila kupumzika. Aliwaandikia barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza, kamusi pembeni. Wakamjibu kwa heshima kwamba kuhamisha hakufuti kitu: faili la zamani hubaki palepale lilipokuwa, alitafute. Amelitafuta kila Ijumaa tangu Aprili.

Mama, ndaga fijo, asante sana, kwa kila aliyewahi kuingia kazini kwa mkono wako. Nenda Isongole ukalime mahali ambapo tuta ulilochimba wewe unaruhusiwa kulishika, na viazi vyako vikanenepe bila kusubiri toleo jipya.

Ila Ijumaa hii usilitafute tena. Watengenezaji walisema kweli, faili lilibaki palepale. Nakala yake pekee ilikuwa kwenye flashi ya ofisi, niliyoisafisha nikaijaza nyimbo za harusi ya dada yangu Dainess. Niliona limezeeka, linachafua seva. Nililifuta mimi.