Mbishi na Mapokezi ya Figo

Wasifu huu una mambo ambayo hamtayaamini, na ruhusa mnayo. Hata mjomba anayewasomea, msomi wa darasa la saba kwa heshima zote, hakuyaamini mwanzoni. Marehemu aliusikia akiwa kitandani, isipokuwa tarehe ya kufariki, ambayo alikataa kuitoa mapema. Akaagiza masahihisho yake yasomwe pia. "Ukitia chumvi, mjomba, wataniita mwongo tena."

Mbishi alizaliwa tarehe 9 Machi 1976, nyuma ya karakana ya baba yake. Jina hilo alilipata shuleni, alipobishana na mwalimu aliyechora figo mviringo kama chungwa. Kesho yake alikuja na figo ya mbuzi mfukoni mwa sare. Ilinuka mpaka mwalimu akafuta ubao.

Mwaka 2000 alipata shahada ya sayansi, na kisukari kikampata yeye. "Kimejileta chenyewe," alisema, akaajiriwa katika maabara ya chuo kuchunguza figo za panya wenye ugonjwa huohuo. Alitafuta vipokezi vya histamini, ile kemikali ya mwilini inayotuwasha na kutupigisha chafya. Mjomba alisikia "mapokezi", akauliza nani anakaa dirishani huko figoni. Mbishi alicheka akashika ukuta.

"Haya, mapokezi basi. Nikizitia figo rangi, kwa panya wagonjwa naona madirisha mengi kuliko kwa wazima. Nataka kujua: ndiyo yanayoharibu figo, au yanajitokeza zikishaharibika?"

"Rangi imekumwagikia tu, dada," alisema mkuu wa maabara. "Unatia chumvi."

Mbishi alimwomba mwenzake afiche lebo, ili yeye mwenyewe asijue figo ipi ni ya panya mgonjwa, akarudia kazi yote. Madirisha yakawa yaleyale. Mkuu aliinamia darubini, akahesabu mpaka chai yake ikapoa.

Mwaka 2004 Mbishi aliolewa na fundi aliyekuja kutengeneza jokofu la maabara. Jokofu lilipona, fundi akaugua mapenzi.

Figo za Mbishi mwenyewe zilipochoka, alifanya kazi akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikataza isiandikwe kwamba alishindwa na kisukari. Haikuandikwa. Tarehe 2 Juni 2023, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, alikatizwa akiwa bado anabisha.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama na mjomba huyu. Lala kwa amani, Mbishi, na malaika uwape nafasi ya kujibu. Huyo ndiye mwanamke aliyegundua dawa ya kisukari dunia nzi—

Sahihisho la marehemu, kutoka kitandani: "Mjomba! Nimeona madirisha. Kwa panya. Futa hapo! Dawa wataitafuta walio hai, na uwaambie wasikae bure."