Mama Ndindi Mbaluka na Wajina Wake

Mchungaji wetu, wazee, majirani wa Kayole na nyote mliofika, familia imemtuma Kavindu, kitinda mimba wa marehemu, awasomee maisha ya mama yao kabla gari halijaanza safari ya Mutonguni, naye anaomba mumvumilie akikatiza, maana mtoto aliye mgongoni ana maneno yake pia.

Mama Ndindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Mutonguni, wilaya ya Kitui, mtoto wa tatu wa Mzee Kimanzi na mkewe, na husemwa kwao kwamba alitembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na tangu hapo hakuna aliyemwona ametulia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka wa 1951 kiangazi kilipomaliza ng'ombe wa baba yake, lakini hakuacha kusoma, na Biblia yake ya Kikamba imechakaa kwa kufunguliwa akiwa amesimama jikoni, mkono mmoja ukikoroga.

Tarehe 12 Disemba 1958 alifunga ndoa na Mzee Mbaluka, mchongaji wa vinyago, ambaye yuko hapa mbele yetu, na mwaka wa 1961 wakahamia mjini, Pumwani, katika chumba kimoja, mume akichonga twiga na vifaru, mke akiwapiga msasa na kuwang'arisha kwa rangi ya viatu, hata Jumapili kanisani vidole vyake vilikuwa vyeusi naye hakuvificha. Mungu aliwajalia Nyamai mwaka wa 1960, Mativo 1964, Ndete 1967, ambaye walimzika akiwa mchanga na jina lake halikukosekana katika sala za jioni, na Kavindu 1971.

Kuanzia mwaka wa 1973 aliuza uji kwenye malango ya viwanda vya Baba Dogo, akiondoka nyumbani na ndoo kabla jogoo hajawika, na walipohamia Kayole mwaka wa 1989 aliendelea na uji huo kwa njia nyingine, kwani hakuna mwanamke wa vyumba vya ploti yetu aliyetoka hospitali na mtoto bila kukuta chupa ya uji moto mlangoni pake, awe wa kanisa letu au wa msikiti, awe na mume au hana. Chai alimimina ya watu wote, yake ikapoa kwenye stuli, kwa sababu alikuwa amesikia mtoto wa mtu analia. Abdiqadir wa duka alimtania kila siku, "Mama Ndindi, keti kidogo, hata hicho kiti kikujue," naye alimjibu akiwa tayari amefika mlangoni, "Kiti hakina tumbo linalouma, mwanangu."

Jambo moja tu alilingoja bila kulifuata kwa miguu. Kwetu Ukambani binti wa kwanza wa mwana wa kiume huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, nyanya akiwa hai aone, na Nyamai alikuwa amepata wavulana watupu, kwa hiyo tarehe 9 Juni 1994, Roseline, mke wa Mativo, alipojifungua msichana, Mama alipika uji akaufikisha hospitali mwenyewe, akauliza mtoto anaitwa nani, akaambiwa Whitney. Roseline ametoka magharibi, na kwao jina la mzee hupewa mtoto mzee akishaondoka, akaogopa kwamba kumwita mtoto Ndindi ni kama kumwonyesha mkwe wake mlango. Mativo alinung'unika, wakwe wakanong'ona, ila Mama akawaambia, "Mwacheni. Anayekataa nife si adui yangu." Lakini hakutulia, na miaka yote hiyo Mama hakumwita mtoto huyo kwa jina lolote, alimwita Mgeni, na kila Mgeni alipoitwa Whitney, Mama alipata kitu cha kwenda kutafuta nje.

Februari 1997 ugonjwa wa moyo ulimwandama, akalazwa, na hata kitandani wauguzi walimkuta ameinuka anamfunika mgonjwa wa pili. Roseline alimwosha, akamchana nywele, akamlisha kwa kijiko, naye Mama akamwambia polepole, "Mwanangu, mimi nitakwenda ukiniita au usiponiita. Niite nikiwa nasikia." Jumapili ya tarehe 2 Machi, saa ya kutazama wagonjwa, Roseline aliingia na mtoto, akamsukuma mbele akasema, "Ndindi, msalimie wajina wako."

Mama alimshika mtoto mkono, akageukia ukuta, akalala hadi jioni, na Roseline akakaa pale akihesabu pumzi zake kwa hofu. Mama aliamka akaomba chakula. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani, akaishi mwaka mzima na zaidi, na uani tukicheka kila jina lilipoitwa, maana waliitikia wawili, na Mativo akimwita binti yake mwaitu, yaani mama yangu.

Alituacha Alhamisi, tarehe 16 Julai 1998, asubuhi, akiwa amesimama jikoni. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Roseline alilia akiuliza kama ni lile jina, na Mzee Mbaluka akamwambia mbele yetu sote, "Uliniongezea mwaka na mke wangu." Na siku hiyo akina mama walipoingia uani wakilia Ndindi, Ndindi, mtoto aliinuka kwenye mkeka akasema, "Niko hapa," na hakuna aliyemnyamazisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Mama Nasike wa chumba cha mwisho aliyefua shuka zetu bila kuombwa, Abdiqadir aliyefunga duka leo, wachongaji wenzake Mzee waliotengeneza jeneza hili na kulipiga msasa vile yeye angependa, na kila aliyeleta chupa ya uji mlangoni petu wiki hii.

Mama, keti sasa. Chai yako imemiminwa, na mtoto wa mtu akilia kwenye ploti tutasimama sisi. Pumzika kwa amani, usiharakishe kuitika, Ndindi akiitwa hapa yuko wa kuitikia.