Mama Chungu na Jani la Atichoki

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nimekubali kwa sababu shemeji, mumewe, alipojaribu kuyasoma jana pale sebuleni aliishia kwenye mstari wa kwanza, ule wenye neno marehemu, akainua macho akatuuliza, "Hili neno nani ameliandika?", nasi sote tulikuwa tunajiuliza hilohilo.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu aliyekuwa fundi bomba na mama yetu aliyekuwa mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mfereji ulikuwa unavuja mchana kutwa na kila mtu alijua kulala na sauti yake. Tangu akiwa mdogo alikuwa kiguu na njia nyuma ya baba, akimbebea spana, akijipenyeza chini ya masinki ya watu, hata mama akawa anasema kwamba huyu mtoto ataolewa na bomba, na baba akimjibu kwamba bomba angalau halirudi limelewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, katika shule iliyokuwa ukuta kwa ukuta na gereji ya malori, akaendelea na sekondari mwaka 1981, na mwaka 1987 akaingia chuo cha ufundi kusomea kazi za maabara, akahitimu mwaka 1990. Darasani hakuwa yule wa mbele, wala hakuwa wa kuburura mkia, ila alikuwa na swali moja lililowachosha walimu, nalo ni, "Umejuaje?", mpaka mwalimu wake wa kemia akamwambia mbele ya wenzake, "Binti, ipo siku utaniuliza nimejuaje jina langu", naye akacheka pamoja nao, kisha akauliza tena swali lake la mwanzo, kwa sababu lilikuwa bado halijajibiwa.

Mwezi Januari 1991 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea ya tiba, kwenye lile jengo refu la ghorofa moja lenye chumba cha kukaushia upande wa nyuma, ambako matrei ya waya yamepangwa mpaka darini na feni zinazunguka bila kupumzika, na huko alikabidhiwa mmea ambao hakuwa amewahi kuuona hata kwenye picha, mmea wa atichoki. Kwa wale wasioujua, huo ni mmea wa jamii ya mibaruti, majani yake ni marefu, ya kijivu kwa juu na meupe kama yamepakwa pamba kwa chini, ua lake huwa kama ngumi iliyokunjwa yenye magamba, na wako watu wanaolipika ua hilo wakalila, lakini dawa iko kwenye majani, nayo majani hayo yana uchungu wa kumfanya mtu asahau alichokuwa anasema. Watu wa nchi nyingi wameyatumia tangu zamani kwa tumbo lililojaa, kwa ini na kwa nyongo, na kazi ya kituo ilikuwa kutenganisha kweli na maneno, yaani kuyakausha majani, kuyachemsha, kuyakamua, kupima kilichomo ndani, kisha kuwapa watu waliokubali na kuona nini kinatokea.

Dada yetu aliyaonja majani hayo kila siku ya kazi, kwa hiyo wenzake wakamwita Mama Chungu, na wageni waliosikia jina hilo kabla ya kumwona walidhani anauza vyungu, hata mama mmoja aliwahi kufika getini akiuliza bei ya kile kikubwa. Yeye hakukasirika, alimkaribisha ndani, akampa kikombe cha majani, na mama yule alipokunja uso akamwambia, "Hicho ndicho chungu pekee ninachotengeneza."

Mwaka 1996 kituo kilianza utafiti mkubwa kuliko yote aliyoyafanya, wa kuangalia kama maji yaliyokamuliwa kwenye jani la atichoki yanashusha mafuta katika damu, na watu waliojitolea waligawanywa makundi mawili, kundi moja likanywa matone ya jani na jingine likanywa matone yasiyo na jani lolote, na ili mtu asijue yuko kundi gani, dada yetu ndiye aliyetengeneza uchungu wa bandia, akahangaika nao miezi, mpaka ukafanana na ule wa kweli kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuutofautisha. Nani alipata kipi alikuwa akijua mtakwimu wa kituo peke yake, mzee mkimya aliyekula chakula chake cha mchana akiwa amejifungia, watu wakasema anaogopa asije akaropoka mdomo ukiwa umejaa.

Miongoni mwa waliojitolea alikuwamo mwokaji mikate wa mtaa wa stesheni, mwanamume mnene, mcheshi, mwenye unga kwenye nyusi, aliyekuja kila mwezi kutolewa damu na kila mara alikuja na mkate wa moto chini ya kwapa. Alimwambia dada, "Huu ni wako, si wa kituo", naye akamjibu, "Wewe uko kwenye utafiti, sipokei hata chembe, ukimalizika nitakuja kuununua mwenyewe kama watu wengine", na mkate ule ukaliwa na walinzi wa getini, ambao kwa mwaka mzima waliuombea utafiti usiishe.

Siku ya kufungua matokeo, mwezi Septemba 1997, waliojitolea walialikwa ukumbini, na kabla mtakwimu hajasoma, mwokaji alisimama bila kuombwa akatoa ushuhuda kwamba jani limemrudisha duniani, tumbo limetulia, mafuta yameshuka, ngazi za kwake anapanda huku anaimba, na watu wakampigia makofi. Kisha mtakwimu akasoma, akasema kwamba jani limeshusha mafuta, lakini kwa kiasi kidogo, kidogo kuliko wengi walivyotarajia, na alipofika kwenye kugawa majibu ya kila mtu ikaonekana kwamba mwokaji alikuwa kwenye kundi lisilopata jani. Akasimama tena, safari hii polepole, akamtazama dada yetu na si mtakwimu, akauliza, "Kwa hiyo mwaka mzima nimekunywa nini?"

"Maji," dada akamwambia, "na uchungu nilioutengeneza mimi. Sikujua kwamba utakuja kwako."

Mwokaji aliketi, na kikao kilipokwisha akaondoka bila kuaga, na kwa wiki kadhaa hakuonekana, dada naye akapoteza hamu ya kula, mama akamtazama akasema kwamba sasa tumejua bomba lenyewe ni lipi. Siku mwokaji aliporudi alimkuta dada kwenye chumba cha kukaushia akigeuza majani, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamuuliza, "Kama si jani, kilichonisaidia ni nini?", dada akafikiri, akamwambia, "Huenda ni kutembea, huenda ni ile siagi uliyoacha, huenda ni kuamini. Sijui." Shemeji, maana mwokaji huyo ndiye shemeji yetu, ametuambia mara nyingi kwamba alikuwa amezunguka kwa waganga na kwa wenye makoti meupe tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwambia hajui, akaona mtu wa namna hiyo ndiye wa kuishi naye, maana hata akikudanganya utamjua kwa kukosa mazoea.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1998, wakahamia kwenye vyumba vya juu ya tanuri, ambako sakafu huwa na joto mwaka mzima, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye leo ni fundi cherehani kama bibi yake, na mvulana aliyezaliwa mwaka 2002, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili walipokuwa wadogo walikataa busu la mama yao la jioni mpaka kwanza asukutue.

Kazini alipanda hadi kuwa mkuu wa maabara, lakini kilichomfanya ajulikane mitaani ni ukali wake juu ya jambo moja, kwamba jani linasukuma nyongo itoke, kwa hiyo mwenye mawe kwenye nyongo asiliguse kabla ya kumwona daktari. Mwaka 2009 mwenye kiwanda kimoja cha kufungasha dawa alimjia akitaka kituo kimwunge mkono aandike kwenye chupa kwamba atichoki inayeyusha mawe, dada akamwambia, "Andika kwamba linasaidia tumbo linalojaa baada ya kula, hilo nitasimama nalo popote, la mawe sisimami nalo hata nikiwa nimekaa", na yule bwana akaondoka akisema kwamba kizuri chajiuza, dada akamjibu kutoka dirishani kwamba basi hakina haja ya uongo.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huu, 2024, alianza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia, yakija baada ya chakula na kuondoka, akasema ni uchovu, na sisi tukaamini, kwa sababu tungemfundisha nini mtu kama yule. Jumapili tarehe 6 Oktoba, wakiwa mezani asubuhi, dada akageukia dirishani kuchukua sukari, shemeji akaweka kikombe chini akamwambia, "Mama watoto, hebu baki hivyohivyo", akamtazama kwenye mwanga, akaona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano. Dada alikwenda kwenye kioo, akakaa huko kitambo, akatoka akasema, "Mganga hajigangi. Ni jiwe, limekwama njiani", kisha akaketi ghafla kama mtu aliyesukumwa, na binti yake anasema hajawahi kumwona mama yake akiwa na uso ule.

Wakati gari likisubiriwa, jirani wa chini, mama mwenye roho njema ambaye yuko nasi hapa leo, alipanda mbio na chupa ya matone ya atichoki, akasema, "Kunywa hata kidogo, si ndiyo dawa yako mwenyewe?", na dada, pamoja na maumivu yale, akamshika mkono akamwambia, "Dawa ni yangu, jirani, lakini kazi yake ni kusukuma, na huku kumeziba. Bomba likiziba huongezi maji." Jirani, usijilaumu, ulikuja kabla ya sisi sote.

Hospitalini walithibitisha kwamba jiwe lilikuwa limeziba njia ya nyongo, wakampasua tarehe 9, wakalitoa, na baada ya hapo kila siku ilikuwa afadhali kuliko jana yake, macho yakarudi meupe, akaanza kuwauliza wagonjwa wa vitanda vya jirani wanakunywa majani gani na nani amewaambia, mpaka muuguzi akamwomba apumzike, naye akasema amepumzika vya kutosha, Jumatatu anarudi kazini. Daktari akatuambia Alhamisi tarehe 17 tumchukue.

Asubuhi hiyo binti alipiga pasi gauni la bluu, shemeji akamwachia msaidizi tanuri, akachukua gauni, viatu na mkate alioutoa muda uleule, akaenda peke yake kwa sababu sisi tulibaki kusafisha nyumba. Alipofika wodini alikuta kitanda kitupu, shuka zimeondolewa, godoro limefutwa, akafikiri kwamba dada amekwishatangulia kwenye benchi la wanaoruhusiwa, akaenda huko, hakumwona, akaona pengine amekwenda msalani, akaketi kumsubiri, mkate mapajani, viatu pembeni yake vimeelekezwa mlangoni. Muuguzi alipita, akarudi, akainama mbele yake akamuuliza, "Baba, umekuja na nani?"

"Peke yangu," shemeji akasema, "nimekuja kumchukua."

Muuguzi akauliza tena, "Hakuna mtu mwingine chini, kwenye gari?", na hapo, anasema shemeji, mkate ulikuwa bado una moto, aliusikia mapajani, lakini mikono yake ilikuwa imepoa.

Daktari alitueleza baadaye kwamba dada alikuwa amesimama, anakusanya kitana na miwani, anazungumza na mwenzake wa kitanda cha pili, akasema pumzi imekuwa fupi, akaketi, na hakuinuka tena ijapokuwa walimhangaikia kwa kila walichonacho, kwa kuwa donge la damu lilikuwa limetoka mguuni likaenda mapafuni. Shemeji alimuuliza kama jiwe lilirudi, daktari akasema hapana, jiwe lilikwisha, macho yalikuwa meupe, nyongo ilikuwa inapita vizuri, akasema pia kwamba hata wao wameshtuka, na tuliona kwamba hakusema hivyo kwa kutufariji, maana aliketi kwenye benchi pamoja nasi na hakuwa na haraka ya kuinuka.

Familia inawashukuru daktari huyo na wauguzi wa wodi ile, hasa yule aliyemshika shemeji mkono mpaka tulipofika, inawashukuru majirani ambao tangu Alhamisi hawajatuachia chombo kichafu wala mlango uliofungwa, inawashukuru wafanyakazi wa kituo waliofika na makoti yao ya kazi kwa sababu habari iliwakuta maabara, na wale waliojitolea kwenye utafiti wa zamani, ambao tumewaona hapa, wazee sasa, wengine wakijitambulisha kwa kusema walikunywa jani na wengine kwamba walikunywa uchungu tu. Ameacha mume, watoto wawili na ndugu wanne, na msituone kimya mkadhani tumekubali, bado hatujafika huko.

Dada, nyumba tuliisafisha, na mapazia mapya tuliyatundika ukiwa umekwishaondoka, hatukujua. Pumzika, dada yetu, na amani iwe nawe huko ulikotutangulia.