Esekon Ewoi na Mstari Ambao Hakuuandika

Petro Esekon Ewoi alizaliwa Gotu tarehe 14 Agosti 1984, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ewoi na Mama Akai. Alisoma shule ya msingi Ngare Mara na sekondari mjini Isiolo, kisha akapata diploma ya mitandao ya kompyuta Nairobi mwaka 2007.

Mwaka 2014 aliajiriwa na kampuni iliyounganisha zahanati za mashambani na mjini. Alitunza majedwali ya njia. Mama alipouliza hicho ni kitu gani, alimweleza wakinywa chai.

"Mama, kila mashine ina orodha. Haijui safari yote hadi zahanati ya Korbesa. Inajua tu jirani wa kumpa mzigo."

"Na huyo jirani akiutupa?"

"Unapotea, na orodha haijui."

Mama akacheka. "Hiyo si kompyuta. Huo ni ukoo wetu."

Alifunga ndoa na Kananu tarehe 10 Desemba 2016. Aliyemsimamia ni Chege, mwenzake wa kazini, aliyekula kwetu kama mtoto wa nyumbani.

Tarehe 9 Machi 2021 Esekon alikuwa Gotu akimzika baba. Alimwachia Chege nywila yake ili kazi isisimame. Siku hiyo mstari mpya uliingizwa kwenye jedwali, ukapeleka data zote za Korbesa kwa mashine iliyozimwa. Njia ya akiba ilikuwepo, lakini jedwali hufuata mstari unaotaja mahali kwa usahihi zaidi, hata kama huko hakuna wa kupokea. Zahanati ilikaa siku mbili bila majibu ya maabara. Kumbukumbu za mashine zilionyesha jina la Esekon. Kwenye kikao cha kampuni Chege aliulizwa ni nani aliyeuingiza mstari ule. Akasema, "Mimi sijui." Esekon akafutwa kazi.

Ninyi mlio hapa mlimwona siku ile, koleo mkononi, kaburini kwa baba.

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa. Kila Jumapili aliuliza kama Chege amepiga simu. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2023.

Ameacha mama yake Akai, mjane Kananu, watoto Ekaale na Judy, na dada yake Jane, anayewasomea haya.

Chege ameomba kuzungumza kwa niaba ya wafanyakazi wenzake. Mama alimjibu, "Karibu, mwanangu. Lakini uanze na ile siku ya Machi." Nafasi yake ni baada ya wimbo wa pili. Asiposimama, tutaendelea na maombi.

Mungu ampumzishe Esekon kwa amani, jina lake likiwa safi.