Noémie Ndaya Umba, Mtema Moto wa Kamina
(14 Machi 1991 – 20 Agosti 2025)

Binti tunayemsindikiza leo alizaliwa Mulongo tarehe 14 Machi 1991, kitinda mimba wa Baba Umba Kalunga, katekista aliyetutangulia mwaka 2012, na Mama Mputu, ambaye yuko hapa mbele yetu. Alibatizwa Pasaka ya mwaka ule ule.

Alisoma shule ya msingi Mulongo hadi mwaka 2003, kisha akaletwa Kamina kwa shangazi yake, akasomea ushonaji na kupata Diploma ya Serikali mwaka 2010. Huko shuleni, mwalimu wa mazoezi, Bwana Manassé, alimwona akivuka uwanja mzima kwa mikono, miguu juu, sketi kaifunga kamba magotini. Akamwingiza katika kikundi chake cha sarakasi, Nyota za Lomami.

Siku za kazi alishona sare za wanafunzi. Jumapili baada ya misa alitema moto. Alicheza Base, kwenye kambi ya jeshi, mbele ya familia za askari, alicheza Kaniama baada ya mavuno ya mahindi. Mwaka 2013 Mama Mputu alikuja kumtazama mara ya kwanza, na hakuna aliyemwambia habari za moto. Alipouona ukitoka kinywani mwa mwanawe, alinyakua ndoo ya maji ya kunywa ya wachezaji, akammwagia yote.

“Mutoto wangu anaungua, na weye unapiga makofi!” alimgombeza Manassé.

Noémie, maji yakimchuruzika, alimpigia mama yake magoti pale pale uwanjani na kumwomba radhi. Watu walicheka hadi machozi.

Mwaka 2015 mpiga picha Swedi Bilali, mtoto wa wafanyabiashara wenye asili ya Maniema, aliitwa kuwapiga picha karibu na stesheni. Moto ulipowaka alisahau kubonyeza kamera. Akaomba warudie.

“Weye ulikuja kupiga picha ao kuangalia?” Noémie alimuuliza.

Mmoja Mkatoliki, mwingine Mwislamu: vikao vya familia vilichukua zaidi ya mwaka. Walifunga ndoa ya serikali tarehe 17 Desemba 2016, kila mmoja akabaki na sala zake. Mungu aliwajalia Rehema, mwenye miaka saba, na Albert, mwenye minne.

Jumamosi tarehe 9 Agosti mwaka huu walikwenda kwenye uwanda mkavu ng'ambo ya reli, kupiga picha za kupeleka Lubumbashi, ambako kikundi kilikuwa kimealikwa kwa mara ya kwanza. Noémie alitema moto mara nne. Swedi akasema, “Mara moja tena, mwangaza bado iko.” Noémie akajaza kinywa mafuta ya taa. Upepo uligeuka, naye akashtuka na kuvuta pumzi. Mafuta yakaingia kifuani. Moto haukumgusa hata unywele, basi wote walidhani amepona. Asubuhi ya pili yake hakuweza kumaliza sentensi moja bila kuhema.

Alilazwa siku kumi. Kaka yake Lazare, anayesoma maneno haya, hataficha jambo. Katika siku hizo alimnyima shemeji yake mkono. Shangazi walikaa chini ya dirisha la wagonjwa wakisema, “Ule mwanaume njo alimuua. Tukimaliza kuzika, arudi kwao, batoto babaki huku.” Lazare aliwasikia, naye akaitikia kwa kichwa.

Noémie pia aliwasikia. Siku ya nane alimwita kaka yake, ambaye tangu utotoni alimwita Yaya, akasema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache:

“Yaya, siku ya kunizika utasoma weye. Ambia bantu bote: Swedi alisema mara moja tena, ni kweli. Lakini minyi njo nilijaza kinywa. Hakunishika mukono. Batoto bangu basipoteze mama na baba siku moja.”

“Usiseme hivyo, utapona,” Lazare alimwambia.

“Yaya, apa.”

Lazare aliapa. Noémie alifariki Jumatano tarehe 20 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Mama Mputu akimpepea na Swedi akimshika miguu, maana alisema miguu ndiyo inahisi baridi.

Lazare alipokwenda kuomba picha ya kuweka kwenye karatasi hii, alimkuta Swedi amekaa sakafuni. Hakuleta picha ya moto. Alileta ile aliyoipiga baada ya mara ya nne: Noémie akijifuta kinywa kwa pindo la kitenge, akicheka. Alisema, “Shemeji, ilikuwa imetosha. Niliona imetosha, na bado nikaomba.” Lazare akakaa naye chini.

Ameacha mama yake, Mputu. Kaka zake, Lazare na Monga. Mume wake, Swedi Bilali, aliyeketi leo kwenye benchi la familia na atakayerudi nyumbani na wanawe. Watoto wake, Rehema na Albert. Na Nyota za Lomami wote.

Bwana ampokee Noémie, apumzike, kifua chake kikiwa chepesi.