Verner Hakala na Tepu ya Kijivu, 1947–2019

Marehemu Verner Hakala alizaliwa tarehe 12 Februari 1947 katika shamba la wazazi wake, kilomita kumi na moja nje ya mji wa Ely, Minnesota. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Eino na Bi. Impi Hakala. Alizaliwa ndani ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke, maana siku hiyo ndicho chumba pekee kilichokuwa na joto, na mpaka uzeeni alilalamika kwamba dunia iliyobaki yote ina baridi.

Alisoma shule ya msingi karibu na shamba na kumaliza sekondari mjini Ely mwaka 1965. Hakuwa wa kwanza darasani, na kusema kweli hakuwa hata wa kumi, lakini viatu vya darasa zima vilipita mikononi mwake vikirekebishwa.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika mgodi wa chuma, akawa fundi mitambo kwa miaka thelathini na mmoja. Huko ndiko alikokutana na tepu ya kijivu, ile pana ya kunata yenye kitambaa ndani, na hawakuachana tena. Aliikunja ikawa ala ya kisu, kikombe, kamba ya hema. Hakuingia porini bila kuizungusha kwenye chupa yake ya maji, ncha ikiwa imekunjwa ili vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi viipate. Waliomcheka ndio haohao waliogonga mlango wake mitumbwi yao ilipotoboka. Kosa lao lilikuwa lilelile, kubandika mahali palipolowa.

"Kausha kwanza, bwana," aliwaambia. "Tepu si dua."

Tarehe 4 Septemba 1971 alifunga ndoa na Bi. Marlys Lindgren. Kabla hawajachumbiana, soli ya kiatu cha Marlys ilibanduka katikati ya matope. Verner alipiga goti, akamsukia kiatu kipya cha tepu.

"Wanaume wengine huleta maua," Marlys alimwambia.

"Maua hayavuki tope."

Marlys, ambaye ni mama yangu, alitembea kilomita saba na kiatu hicho, na alipofika nyumbani akakubali posa ya Verner.

Machi 2019 madaktari wa mji wa Duluth walikuta mapafu ya Verner yameharibika vibaya. Aliomba jambo moja tu, kuliona tena ziwa alilolipenda. Kulifikia lazima uvuke msitu kwa miguu, mita mia nane, mtumbwi ukiwa begani, naye hakuweza kwenda hatua kumi. Mimi binti yake, Elna, ninayesoma maneno haya, nilikataa katakata.

"Baba, utafia huko."

"Na hapa nifanye nini? Niote uyoga?"

Hakubishana zaidi. Alijilaza akikunja tepu, tabaka juu ya tabaka, na siku ya tisa akanionyesha kiti cha kumbebea mtu mgongoni.

"Mikanda nimeipima kwa koti lako."

"Sikubebi kama gunia, Baba!"

"Mimi nilikubeba hivyohivyo mpaka miaka minne, na ulikuwa unanipiga mateke. Mimi nitatulia."

Tarehe 15 Juni tulikwenda. Mdogo wangu Kurt alibeba mtumbwi, mimi nikambeba Baba, kilo arobaini na tisa. Niliogopa mikanda itakatika, haikukatika. Kinachoniuma ni zile siku tisa nilizomnyima. Ziwani alikaa saa mbili, akanywa kahawa na kumkosoa Kurt anavyopiga kasia.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Julai 2019, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi. Marlys, watoto wawili, Elna na Kurt, wajukuu watatu, na kaka yake, Mzee Ruben.

Leo tumembeba tena, safari hii tukiwa sita. Tumefika, Baba. Shuka, upumzike kwa amani.